Jinsi ya Kulinganisha Ekspoja na Otofokasi za Chapa Tofauti za Kamera Ukiwa Nairobi

Mtu akisema Canon hutoa picha angavu kuliko Sony, au kwamba Fujifilm ina giza, huenda hajakosea kuhusu alichokiona kwenye skrini. Asichokijua ni alichokuwa akilinganisha. Kamera moja ilifungwa lenzi ya 50mm, nyingine zumu. Moja iliwashwa kazi ya kuokoa vivuli, nyingine ikazimwa. Kisha wingu likapita juu ya Ngong Road kati ya picha ya kwanza na ya pili. Mambo hayo matatu yakijumlishwa yanaweza kufika stopu nzima, yaani mwanga mara mbili au nusu yake, na hakuna hata moja linalohusu chapa.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuchagua kati ya bodi (kamera bila lenzi) mbili au tatu kabla ya kutoa pesa, ziwe mpya au za mtumba. Njia nafuu ni kuzikodi zote kwa siku moja, Jumanne au Jumatano, maana kuanzia Ijumaa vifaa vizuri vya kukodi viko harusini. Siku moja inatosha ukijipanga: asubuhi ekspoja (kiasi cha mwanga kwenye picha) chumbani, alasiri otofokasi (kamera kujitafutia fokasi) nje, usiku otofokasi ya mwanga hafifu.

Mambo haya mawili hayahukumiwi kwa kipimo kimoja. Katika ekspoja, kosa lisilobadilika halina madhara. Kamera ikikosea theluthi mbili za stopu upande uleule kila siku, unaweka fidia ya +0.7 na kusahau. Ya kuogopwa ni ile inayokosea kidogo hapa, kidogo kule, bila mpangilio. Kwa hiyo kwenye ekspoja tunapima kuyumba. Otofokasi haina fidia: jicho la bibi harusi likitoka nje ya fokasi, hakuna programu ya kulirudisha. Huko tunahesabu picha zilizofaulu.

Sawazisha kwanza

Anza na programu ya ndani ya kamera. Nikon Z6 ilitoka mwaka 2018 bila uwezo wa kufuata jicho. Uwezo huo ulikuja 2019 kwa toleo la 2.0. Sony A9 ya 2017 nayo ilipata mfumo mpya wa kufuata mlengwa mwaka 2019 kwa toleo la 5.0. Bodi mbili zenye jina moja zinaweza basi kuwa kamera mbili tofauti, na nyingi za mtumba hazijasasishwa tangu zitoke kwenye boksi. Sasisha betri ikiwa imejaa, kisha rudisha mipangilio yote kuwa ya kiwandani.

Halafu zima wasaidizi, yaani kazi za kamera zinazorekebisha mwanga kimyakimya. Kwenye Canon ni Auto Lighting Optimizer na Highlight Tone Priority, kwenye Nikon ni Active D-Lighting, kwenye Sony ni D-Range Optimizer. Kwenye Fujifilm weka Dynamic Range iwe DR100, kamwe isiwe Auto. Usidhani hizi ni rangi tu za JPEG, picha iliyokwisha kupikwa na kamera. Highlight Tone Priority ya Canon na DR200 au DR400 za Fujifilm hupunguza mwanga kwenye RAW yenyewe, yaani data ghafi ya sensa, kisha huinua vivuli baadaye, ndiyo maana ukiziwasha ISO (namba ya unyeti wa mwanga) ya chini kabisa hupanda. Funga pia salio la weupe kwenye namba moja, tuseme kelvini 5,500, badala ya otomatiki.

Sasa lenzi, ambayo ndiyo huharibu vipimo vingi. Namba ya f haisemi mwanga kiasi gani umefika kwenye sensa. Ni uwiano wa urefu wa fokasi na kipenyo cha tundu tu. Vioo vya ndani humeza na kurudisha sehemu ya mwanga, na kwa sababu hiyo lenzi za sinema huandikwa namba ya T, ambayo hutokana na mwanga uliopita hasa. Zumu ya f/2.8 yenye vioo vingi inaweza kupitisha mwanga wa T3.2, pungufu ya zaidi kidogo ya theluthi moja ya stopu. Ukilinganisha zumu hiyo na lenzi nyepesi ya 50mm, umelinganisha vioo.

Dawa ni lenzi moja kwa kamera zote. Lenzi ya zamani ya Nikon F yenye pete ya tundu ya kuzungusha kwa mkono ndiyo inayofaa kupita zote. Umbali wa kutoka mdomo wa kamera hadi sensa katika mfumo huo ni milimita 46.5, ilhali Sony E ni 18, Canon RF ni 20, Nikon Z ni 16 na Fujifilm X ni 17.7. Adapta tupu, isiyo na kioo wala nyaya, inaifunga kwenye zote hizo. Ruhusu kamera ipige picha bila lenzi, kwa kuwa haitatambua kitu mbele yake, na uandike namba ya tundu kwenye daftari kwa sababu faili haitaihifadhi.

Kwa otofokasi hila hiyo haitumiki. Huko tafuta lenzi zinazolingana za kila chapa, au lenzi moja ya mtengenezaji wa tatu inayouzwa kwa midomo mbalimbali. Sigma 56mm f/1.4 kwa mfano ipo kwa Sony E, Fujifilm X, Nikon Z na Canon RF. Ukilinganisha sensa za ukubwa tofauti, sawazisha kina cha fokasi, yaani eneo la mbele hadi nyuma linaloonekana kali: 56mm f/1.2 kwenye sensa ndogo ya APS-C ni kama 85mm f/1.8 kwenye sensa kubwa ya fremu kamili. Usipofanya hivyo, kamera yenye sensa ndogo itaonekana hodari kwa sababu makosa yake yamefichwa ndani ya kina kirefu. Na tafadhali usiweke lenzi ya bei nafuu ya Yongnuo upande mmoja na lenzi ya kampuni yenyewe upande wa pili, kisha utoe hukumu juu ya chapa.

Mwanga usiocheza

Stima ya Kenya ni ya volti 240, hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za LED za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/500 ya sekunde, fremu moja itadaka kilele cha mpepeso na nyingine bonde lake, nawe utailaumu kamera isiyo na hatia. Tumia paneli ya LED ya video inayoendeshwa na betri, mwanga ukiwa umewekwa asilimia 100, kwa sababu nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka. Iache iwake dakika 15 kabla ya kuanza. Ukikosa paneli, balbu ya waya inatosha, mradi stima haipandi na kushuka. Kwa taa ya kawaida ya LED ya ukutani, baki kwenye 1/100, 1/50 au 1/25, kasi zinazodaka mipepeso kamili.

Mwanga wa dirishani huonekana mtulivu lakini usiuamini, hasa Julai, mawingu ya Nairobi yanapokaa siku nzima yakibadilika unene kila dakika. Jioni ni mbaya zaidi. Tuko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu na giza huingia ndani ya dakika ishirini na kidogo. Ukipima kamera ya kwanza kisha ukabadilisha lenzi, ya pili imekuta dunia nyingine.

Taa yoyote utakayotumia, piga kwa mpangilio wa A, B, A: kamera ya kwanza, ya pili, kisha ya kwanza tena. Picha mbili za A zikitofautiana, mwanga umebadilika, na zote tatu zitupwe. Hatua hii haigharimu chochote, na wengi wanaojivunia vipimo vyao huiruka.

Ekspoja: vipimo vitatu vya kutochanganya

Kipimo cha kwanza ni cha namba ya ISO. Jaza fremu yote na ukuta usio na doa au kadi ya kijivu inayoakisi asilimia 18 ya mwanga. Weka fokasi kwenye infiniti (mbali kabisa) ili chembe za ukuta zififie na lenzi isirefuke. Kila kitu kiwe cha mkono (manual): ISO 400, f/5.6, na umbali wa taa uurekebishe hadi 1/50 ikupe kijivu cha kati. Sasa piga fremu saba kwa hatua za theluthi moja: 1/25, 1/30, 1/40, 1/50, 1/60, 1/80, 1/100. Rudia kwa kila bodi.

Fungua JPEG kwenye kompyuta na usome namba ya rangi katikati ya fremu. Tafuta ile iliyo karibu zaidi na 118. Namba hiyo haikutoka hewani: kiwango cha ISO 12232 kina njia iitwayo SOS, ambayo hupanga ISO ya kamera kwa kuangalia ni mwanga kiasi gani unaoleta 118 kati ya 255 kwenye picha ya sRGB. Kamera A ikifika 118 kwa 1/50 na B ikaifikia kwa 1/40, basi B inahitaji theluthi moja zaidi kwa ISO iliyoandikwa namba ileile. Usijaribu kupiga hesabu ya stopu kutoka fremu moja tu ya JPEG, kwa sababu kila chapa hupinda mkunjo wa toni inavyopenda. Ni kutafuta fremu inayolingana kunakoepusha mtego huo.

Kiwango hichohicho kina njia nyingine, REI, inayomwachia mtengenezaji aamue mwenyewe kiasi cha mwanga anachopendekeza. Tena SOS inazungumzia JPEG, haigusi RAW kabisa. Ndiyo maana RAW mbili za ISO 400 zinaweza kutofautiana na hakuna aliyedanganya. Kumwita mtengenezaji mwongo kwa jambo hili ni kelele tu.

Swali lenye faida kwa mpiga picha za harusi ni hili: kutoka kijivu cha kati hadi mwanga unaoungua na kuwa mweupe tupu, kuna stopu ngapi? Fungua RAW kwa programu ya RawDigger, soma wastani wa chaneli ya kijani, toa kiwango cheusi (namba ambayo sensa hutoa bila mwanga), kisha gawanya upeo wa sensa kwa wastani huo na utafute logi ya msingi wa 2. Tuseme baada ya kutoa kiwango cheusi wastani ni 1,400 na upeo ni 14,800: hiyo ni stopu 3.4. Bodi nyingine yenye wastani wa 2,000 na upeo uleule ina stopu 2.9. Ya kwanza inakuachia nusu stopu zaidi kabla lesi ya gauni jeupe haijaungua, na vivuli vyake vitakuwa na chembechembe kidogo zaidi. Usifanye kazi hii kwa Lightroom ya Adobe. Adobe huongeza kimyakimya marekebisho ya mwanga kwa kila modeli, kwa hiyo RAW mbili zisizolingana huonekana sawa. RawTherapee, ambayo ni ya bure, itakupa picha ya karibu na ukweli ukichagua wasifu wa Neutral.

Kipimo cha pili ni mita yenyewe, yaani kipimamwanga cha ndani ya kamera. Weka kamera kwenye kipaumbele cha tundu (wewe unachagua tundu, kamera inachagua kasi), mita ya doa (spot), ukuta uleule, na uandike kasi ya shata inayochaguliwa. Hapa kadi ya kijivu si lazima. Mita haijui inaangalia nini. Uso wowote ulio sawasawa itauvuta hadi kijivu, ukuta mweupe kwa mweusi. Tofauti iliyo chini ya theluthi moja ipuuze, maana inaweza kuwa ni kuzungushwa kwa namba. Hata watengenezaji hawajakubaliana: kigezo K, namba inayoamua mita ilenge kijivu kipi, kwa Canon na Nikon ni 12.5, Pentax walitumia 14, na hiyo peke yake ni sehemu moja ya sita ya stopu.

Angalia jambo moja kabla ya kuanza. Kwenye Nikon, doa la mita hufuata pointi ya fokasi. Kwenye Canon nyingi hukaa katikati ya fremu hata fokasi ikiwa pembeni. Sony na Fujifilm hukuruhusu kuchagua. Ukiweka pointi pembeni bila kujua hili, utapima uso kwa kamera moja na ukuta wa nyuma kwa nyingine.

Kipimo cha tatu ndicho cha kuamulia ununuzi: mita ya fremu nzima, ile Canon waiitayo Evaluative, Nikon Matrix, Sony na Fujifilm Multi. Hapa kamera inakisia maana ya mandhari, na kila chapa ina ukisiaji wake. Canon huupa uzito mkubwa mahali pointi ya fokasi ilipo. Kwa hiyo ukihamisha pointi kutoka usoni hadi kwenye shati jeupe, ekspoja hubadilika hata kama fremu haijasogea.

Pima kwa mandhari unayofanyia kazi, angalau 15. Kwa Nairobi orodha hii ina mitego ya kutosha: uso mweusi sana kando ya shela nyeupe, watu ndani ya hema jeupe saa saba mchana, na nje kunawaka, bwana harusi wa suti nyeusi mbele ya ukuta mweusi, mtu chini ya mti Arboretum, jua likipenya majani nyuma yake, ofisi yenye dirisha kubwa na majengo ya Upper Hill nje, matatu yenye taa za rangi saa moja usiku. Kwenye bustani na misitu ya umma uliza getini kuhusu ada ya upigaji picha kabla hujatoa tripodi.

Kwa kila mandhari piga fremu moja bila fidia, kisha ongeza au punguza kwa theluthi hadi uso ukae sawa machoni pako. Andika fidia uliyohitaji. Ngozi nyeusi huakisi chini ya asilimia 18, kwa hiyo uso ukijaza fremu mita itaupausha, na shela ikijaza fremu mita itauzamisha. Usiitafute kamera yenye wastani wa sifuri. Angalia upana wa namba. Tuseme kamera ya kwanza ilihitaji kati ya +0.3 na +0.7 kila mahali, na ya pili ikahitaji kuanzia −0.7 hadi +1.3. Ya pili ina wastani mzuri zaidi. Nunua ya kwanza.

Kama unapima za mtumba, ongeza jaribio dogo la mitambo, kwa mwanga usiopepesa na lenzi ya kamera yenyewe. Piga fremu 20 mfululizo kwa f/11: zikipishana mwanga, bapa za tundu zina mafuta na zinachelewa kufunga. Kisha piga ukuta kwa f/2 na 1/4000, halafu f/11 na 1/125, ambazo ni ekspoja ileile kwa karatasi. Tofauti ya theluthi ni ya kawaida, na f/2 itaonyesha pembe zenye giza, kwa hiyo soma katikati tu. Ikiwa ya 1/4000 ina giza waziwazi, au upande mmoja wa fremu umefifia kuliko mwingine, shata imechoka, na bei iongelewe upya.

Otofokasi: kitu kilichosimama

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kamera zote za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless) hufaulu hapa. Bandika ukurasa wa Taifa Leo kwenye kadibodi iliyosimama wima, sambamba na sensa. Kando yake weka rula iliyolala kwa nyuzi 45, sifuri ikiwa usawa wa karatasi. Pointi ielekee kwenye gazeti, kamwe si kwenye rula, kwa sababu eneo linalosomwa na kamera ni kubwa kuliko kisanduku kinachoonyeshwa. Umbali uwe kama mara 40 ya urefu wa fokasi: mita 2 kwa 50mm. Kwa f/1.8 kina cha fokasi hapo ni kama sentimita 17, chembamba kiasi cha kuonyesha kosa.

Piga fremu 20, na kabla ya kila moja izungushe lenzi, mara hii infiniti, mara ijayo karibu kabisa. Usipofanya hivyo kamera inabaki palepale na unapima kutotembea. Mwisho piga moja kwa mkono ukiwa umekuza skrini, iwe kigezo. Njia ya haraka ya kupanga ni ukubwa wa faili za JPEG: kwa tripodi na ekspoja ileile, picha kali ina mambo mengi ya kuhifadhi, hivyo faili yake ni nzito kuliko ya picha iliyofifia.

DSLR, kamera zenye kioo hicho, ni hadithi nyingine. Sensa yake ya fokasi imekaa kando, si ile inayopiga picha, na ikipishana kidogo tu kila picha itakuwa mbele au nyuma ya mlengwa kwa kiasi kilekile. Canon 5D Mark III na Nikon D750 zina marekebisho ya ±20 kwenye menyu. Canon 700D, Nikon D3500 na D5600 hazina. Na mwenye lenzi za zamani za Nikon AF-D ajue: adapta ya FTZ, inayofunga lenzi za Nikon F kwenye bodi za Nikon Z, haina mota, kwa hiyo lenzi hizo kwenye bodi ya Z hubaki za mkono.

Kasi ya kudaka fokasi pima kwa simu yenye mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde. Rekodi kidole na skrini ya kamera pamoja, kisha hesabu fremu kutoka kidole kinapobonyeza hadi kisanduku kigeuke kijani. Kila fremu ni milisekunde 4 hivi.

Gizani

Usilinganishe namba za EV za matangazo. EV ni kipimo cha mwanga: kila namba moja ni stopu moja, na ikishuka ni giza zaidi. Canon EOS R6 imeandikwa −6.5 EV, Sony A7 III ikaandikwa −3. Ya Canon imepimwa kwa lenzi ya f/1.2, ya Sony kwa f/2, na kati ya matundu hayo kuna karibu stopu moja na nusu. Ukiisawazisha, Canon inabaki na −5 hivi: bado iko mbele, lakini pengo si lile la kwenye karatasi.

Tena jiulize −6 EV ni giza gani. Kwa f/2 na ISO 3200, EV 0 ni 1/8 ya sekunde. −3 ni sekunde nzima. −6 ni sekunde 8. Hakuna anayepiga watu kwa sekunde 8. Mita ikisema f/2, 1/60, ISO 3200, uko EV 3, na hapo ndipo karamu nyingi za usiku zinaangukia. Pima kati ya EV 3 na EV 0, basi.

Zima taa ya msaada ya fokasi kwenye bodi zote. Kisha jaribu kwa tundu wazi na tena kwa f/8. Nikon Z hutafuta fokasi kwa tundu la kupigia hadi f/5.6, Sony kwa mipangilio mingi hufunga tundu kabla ya kutafuta, Canon kwa kawaida hulifungua. Kamera iliyokuwa hodari kwa f/1.8 inaweza kuhangaika kwa f/8, na kamera haijaharibika.

Ongeza mitego miwili. Wa kwanza ni taa za jukwaa za buluu au zambarau tupu, zinazoua kontrasti ya uso. Wa pili ni mistari. Sensa nyingi zisizo na kioo hugundua fokasi kwa mistari ya wima, kwa hiyo shuka au kikoi chenye mistari iliyolala vinaweza kuzipumbaza. Igeuze kamera nyuzi 90. Ikidaka mara moja, umejua sababu. Mtego huu hugusa chapa nyingi, lakini pima uone kila moja inapona kwa haraka gani.

Kinachokuja mbio

Hapa ndipo pesa zinapotofautiana. Mpe rafiki baiskeli, au mwombe akimbie moja kwa moja kuelekea kwako, mahali pasipo na magari. Barabara yenye boda boda isiwe maabara yako.

Sawazisha kwanza tabia za kupiga. Kwenye AF-C, otofokasi inayofuata kitu kinachosogea, Nikon huja ikiwa imepewa kipaumbele cha kufyatua hata kama fokasi haijafika. Sony huja na hali ya kati. Ziweke zote kwenye kipaumbele kimoja. Punguza kasi ya mfululizo hadi ile inayofikiwa na zote, tuseme fremu 8 kwa sekunde, utambuzi wa binadamu na jicho ukiwa umewashwa, shata ya mitambo, 1/1000 au kasi zaidi. Ikiwa polepole kuliko hapo, ukungu wa mwendo utahesabiwa kama kosa la fokasi.

Sasa kosa linaloharibu majaribio mengi: kuhesabu fremu za mbali. Kwa 85mm f/1.8 kwenye fremu kamili, kina cha fokasi mita 15 ni mita 3 na zaidi. Kila kamera hufaulu. Mita 10 ni kama mita 1.5. Mita 5 ni sentimita 37. Mita 3 ni sentimita 13. Weka alama mbili chini, mita 8 na mita 3 kutoka kwako, uhesabu picha zilizopigwa kati yake tu. Mkimbiaji wa mita 4 kwa sekunde huipita sehemu hiyo kwa sekunde 1.25, sawa na fremu 10. Baiskeli ya kilomita 20 kwa saa huenda mita 5.6 kwa sekunde, yaani fremu 7, na ni mtihani mkali zaidi.

Rudia mara 12 kwa kila bodi, ukibadilishana kila mara tatu ili uchovu wa mkimbiaji usimwangukie mmoja. Badilisha pia mavazi: kofia, miwani ya jua, hijabu, barakoa. Fanya raundi kadhaa jua likiwa nyuma yake, kwa sababu utambuzi wa jicho unaofanya kazi kwa uso mweusi ulioangaziwa mbele unaweza kuishia kwenye kola ya shati mwanga ukija kutoka nyuma. Jaribio lililofanywa na watu wa ngozi nyeupe studioni halikuambii lolote kuhusu hili.

Kagua kwa ukuzaji wa asilimia 100 na uweke kila fremu kwenye moja ya mafungu matatu: kope kali, inayokubalika kwa albamu, ya kutupa. Kisha kuwa mwangalifu na asilimia. Kwa fremu 100, matokeo ya 80 yana shaka ya pointi 8 kila upande, kwa hiyo 80 dhidi ya 85 ni sare. Isitoshe fremu za mfululizo mmoja hufuatana: ikikosa moja, mbili zinazofuata hukosa pia. Hesabu basi na mbio nzima: katika mbio 12, ni ngapi zilizokuwa na kope kali kuanzia alama ya kwanza hadi ya mwisho, na zilizopotea zilirudi baada ya fremu ngapi? Kamera inayokosa mara nyingi lakini ikarudi baada ya fremu moja ni bora kazini kuliko inayokosa mara moja na kung'ang'ania mti wa nyuma hadi mkimbiaji apite.

Kutumia ulichopata

Kosa la ekspoja lisiloyumba liweke ndani ya kamera moja kwa moja. Nikon ina menyu ya kurekebisha ekspoja bora kwa kila aina ya mita, Sony ina Exposure Std. Adjust, zote mbili husogea kwa hatua za sehemu moja ya sita, hadi stopu moja kila upande, bila kugusa kitufe cha fidia. Kwa bodi isiyo na menyu hiyo, weka fidia kwenye moja ya mipangilio ya kujihifadhia. Ukifanya kazi na bodi mbili za chapa tofauti kwenye sherehe moja, linganisha matokeo ya kipimo cha kwanza na usogeze moja ifuate nyingine, la sivyo mhariri wako atatumia usiku mzima kusawazisha picha za meza ileile.

Andika pia toleo la programu ya ndani kando ya matokeo ya otofokasi. Sasisho kubwa likitoka, rudia sehemu ya mbio tu. Mita na ISO kwa kawaida hubaki zilivyo.